Mbuzi, Malisho na Akiba Yetu: Hotuba ya Mwenyekiti katika Sherehe ya Miaka Kumi ya Kikundi

Wenzetu wawili tulioanza nao mwaka 2015 hawapo nasi tena. Tunaomba tusimame kidogo tuwakumbuke.

Asanteni, tukae.

Ndugu Mgeni Rasmi, katibu amekwisha kusoma risala, na mhazini atasoma hesabu. Sisi tumeona tusiyarudie hayo. Tumeomba nafasi hii tuzungumze habari za mbuzi. Pengine mgeni atashangaa, kikundi cha kuweka na kukopa kinazungumza mbuzi? Ndiyo. Ukifungua sanduku letu lile lenye kufuli tatu, utakuta madaftari, mihuri na fedha kidogo za mfuko wa jamii. Akiba yenyewe hasa iko zizini, inakula majani. Kwa hiyo mtu akituuliza hali ya kikundi, kwanza tunaangalia kilima kile pale, kama kina majani au hakina. Na mwisho wa maneno yetu tuna ombi moja kwa Serikali ya Kijiji, linalohusu kilima hichohicho. Tunaomba mtuvumilie mpaka tufike huko.

TULIVYOANZA

Tulianza wanawake 28, chini ya mbuyu, kila mmoja na hisa yake ya shilingi elfu moja kwa wiki. Wengi wetu ni wa darasa la saba, na wengine hata hilo hawakulifikia. Watu walipita njiani wakicheka, eti wanawake wamepata mahali pa kukaa kusengenyana. Tukawaacha wacheke.

Mwisho wa mwaka wa kwanza tulipogawana, karibu kila mmoja alikwenda kununua mbuzi. Hakuna aliyetufundisha. Hapa kwetu Chamwino mvua ni msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili, na mara nyingine hata huo haufiki wote. Mahindi yanakauka shambani, hata mtama mara nyingine unatushinda. Lakini mbuzi anakula kichaka. Mtoto akiugua usiku, asubuhi unamtoa mbuzi mmoja unampeleka hospitali. Ng'ombe huwezi kumkatakata ukauza mguu mmoja kwa ajili ya daftari za shule. Mbuzi ndiye fedha ndogondogo ya mwanamke.

Lakini jamani, tuseme kweli, fedha hiyo ilikuwa na mikono mingi. Mama ananunua mbuzi kwa hisa zake, baba anamuuza mnadani kwa shughuli zake, na mama anaambiwa tu kwamba mbuzi wamepungua. Tulifanya jambo moja. Tuliwaita waume zetu kwenye mkutano, tukawapikia, wakala wakashiba, ndipo tukafungua daftari. Kila mbuzi wa mwanachama aliandikwa, rangi yake na alama ya sikio, na chini yake sahihi mbili, ya mama na ya baba. Kuanzia siku hiyo mbuzi wa daftari hauzwi mpaka wawili wakubaliane. Baadhi ya akina baba walinuna. Leo ndio wanaotukumbusha kuandika.

KOSA LETU LA MWAKA 2017

Ndugu Mgeni Rasmi, kwenye sherehe watu husema mazuri tu. Sisi tumekubaliana kwenye kamati kwamba kijitabu hiki kibaki kwa ajili ya watoto wetu, na mtoto akidanganywa atarudia kosa la mama yake.

Mwaka 2017 alikuja mfanyabiashara mmoja na mbuzi wakubwa, chotara, masikio yananing'inia mpaka kidevuni. Alisema mmoja wao ni sawa na wawili wa kwetu. Tuliingiwa na tamaa. Tulifungua sanduku, wanachama kumi wakakopeshwa, kila mmoja akachukua mbuzi wawili. Ilikuwa Septemba, kiangazi kikali. Hatukumuita Bwana Mifugo. Hatukuuliza kama wamechanjwa wala wanatoka wapi. Tuliwaingiza zizini usiku uleule, pamoja na wenyeji wao.

Hazikupita wiki nyingi wakaanza kukohoa, kamasi zinatoka, wanasimama wamepanua miguu ya mbele wakitafuta pumzi. Bwana Mifugo alipofika alituambia ni homa ya mapafu ya mbuzi, na kwamba alipaswa kuitwa siku ile waliposhuka kwenye gari. Katika wale ishirini walikufa kumi na wanne. Na ugonjwa haukuchagua, uliwachukua na wa kwetu wa kienyeji.

Mwenzetu mmoja, mjane, alipoteza wageni wawili na wake wa zamani saba. Zizi likabaki na fito tu. Na deni likabaki palepale. Katiba yetu ilisema asiyelipa atachukuliwa mali. Basi sisi viongozi tulikwenda nyumbani kwake, tukachukua baiskeli na sufuria mbili. Alitusindikiza hadi njiani, akasema, "Sufuria ndogo ina tundu, mkiiuza mseme." Hakulia wala hakugombana. Wiki iliyofuata hakuja kikundini, wala iliyofuata.

Uamuzi wa kununua wale mbuzi ulikuwa wetu sote, lakini hasara tulimbebesha yeye peke yake. Ilituchukua miaka miwili kulisema hilo kwa midomo yetu. Mwaka 2019 tulirudi kwake, baiskeli tukiisukuma, tukaomba radhi. Sufuria zilikuwa zimekwisha kuuzwa, tulimpelekea mpya. Leo amekaa hapa mbele, na ametupa ruhusa kuyasema haya ila jina lake tusilitaje. Mama, tunakushukuru mbele ya watu wote.

Kutokana na hayo tulibadili katiba. Mbuzi wa mkopo akifa kwa ugonjwa au ukame, na mwenye mbuzi akiwa amefuata masharti ya chanjo na malisho, mfuko wa jamii unabeba nusu ya deni. Na mbuzi mgeni yeyote, hata akitoka kijiji cha jirani, anafungwa peke yake siku thelathini kabla ya kuchanganywa na wengine.

Hatusemi kwamba mbuzi wa kigeni ni mbaya. Kule Mgeta, Morogoro, kwenye milima yenye baridi na majani mabichi, wamefuga mbuzi wa maziwa wa asili ya Norway tangu miaka ya 1980, na familia nyingi zimefaidika. Lakini kila mbuzi na kwao. Wa kwetu ni mdogo, jike mzima kilo 25 au 30, ila anajua kutembea, anajua kukaa na kiu, na anaujua mwiba wa mkungugu. Tukaamua tumtunze huyo aliyetulea.

TULIYOJIFUNZA JUU YA MALISHO

Wazee wetu hapa mnakumbuka. Mwaka 1973 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO. Na mwaka 1979 mifugo iliondolewa kabisa kwenye maeneo ya Kondoa yaliyokuwa yameliwa na makorongo. Baadaye nyasi na miti vikarudi. Wengi wetu tulikuwa watoto, tukakua tukisikia kwamba mbuzi ni adui wa ardhi.

Sasa tumefuga na tumeangalia. Ni kweli mbuzi akikaa mahali pamoja kutwa kucha, mwaka hadi mwaka, atakula jani, atakula chipukizi, atamaliza na ganda la mti. Lakini nani aliyemweka hapo? Mbuzi hana kalenda. Mwenye kalenda ni binadamu. Kosa ni letu la kuwaachia kila siku palepale, karibu na kisima, kwa sababu mtoto anayechunga anaogopa kwenda mbali.

Hivyo mwaka 2018 tulikubaliana na uongozi wa kijiji, tukatenga kile kilima kiwe malisho ya akiba. Wenzetu Wasukuma wa Shinyanga wana utaratibu huo tangu zamani, wanauita ngitili. Majani yanafungwa wakati wa mvua na kufunguliwa wakati wa shida. Mradi wa HASHI ulioanza mwaka 1986 uliusimamisha tena utaratibu huo baada ya kuwa umeanza kupotea. Sisi tumeuiga, hatuoni aibu.

Utaratibu wetu ni huu. Mvua ikianza Desemba kilima kinafungwa, mbuzi wanakwenda mbugani na vichakani kwa kawaida. Baada ya mavuno wanaingia kwenye mabua mashambani. Agosti ndipo tunafungua kilima, tena si chote. Tumekigawa vipande vinne kwa kufuata makorongo na mawe: Agosti cha kwanza, Septemba cha pili, Oktoba cha tatu, Novemba cha nne. Kipande kilicholiwa kinapumzika mpaka mwaka unaofuata, na kila mwaka tunabadili kinachoanza, ili kisiwepo kinacholiwa wakati uleule siku zote.

Pili, kisiki hai. Miti mingi tuliyodhani imekufa ilikuwa hai chini, inachipua kila mvua na kukatwa kila kiangazi. Tunachagua machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka, tunayafunga kitambaa ili kila mtu aone, mengine tunayapogoa na kuwapa mbuzi. Hatununui miche wala hatumwagilii maji. Mizizi ipo tayari, ni ya babu zetu.

Tatu, matunda ya mkungugu. Zamani tulikuwa tunakata tawi zima mbuzi wale. Sasa tunatikisa kwa upembo, matunda yanaanguka, tawi linabaki. Tunayakusanya kwenye magunia na kuyaweka darini pamoja na majani ya karanga. Mabua ya mtama na uwele tunayapanga juu ya kichanja ili mchwa wasiyafikie.

Hapo Bwana Mifugo alitufanyia hesabu ubaoni. Mbuzi wa kilo 30 anakula kiasi cha kilo moja ya majani makavu kwa siku. Mbuzi watano kwa siku tisini ni kilo 450. Tuliposikia hivyo wengine tulishika vichwa. Nani ana dari ya kilo 450? Akatuambia tusikate tamaa, mbuzi anajitafutia porini, basi tuweke walau nusu. Tangu hapo hakuna anayepata mkopo wa mbuzi kabla kamati haijapanda juu ya kichanja chake kuangalia. Wengine mlikuwa mnatuficha kwa kuweka miiba chini na mabua juu. Tunawajua.

IDADI NA UZAZI

Ndugu wanachama, jambo lililotugombanisha kuliko yote ni kupunguza. Mgogo haambiwi apunguze mifugo. Tulikuwa tunaingia kiangazi na mbuzi kumi na wawili, tunatoka na saba waliobaki mifupa. Watano wamekufa bure, hakuna aliyewala wala aliyewauza.

Sasa tunauza Juni na Julai, mbuzi wakiwa wamenenepa kwa mabua. Madume yaliyohasiwa na majike yaliyozeeka ndiyo yanayokwenda mnada wa Msalato. Tangu Serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma mwaka 2016 wanunuzi wa nyama wameongezeka, na mbuzi mnono anagombaniwa. Ukimngoja mpaka Oktoba utambembeleza mtu amchukue. Fedha ya mauzo inarudi kwenye hisa. Kwa hiyo kiangazi kinapokuja, sehemu ya zizi iko kwenye sanduku, haina njaa wala kiu.

Beberu naye tumemwekea mpango. Jike hubeba mimba miezi mitano. Beberu akiachwa huru, vitoto vinazaliwa Septemba na Oktoba, mama hana maziwa, kitoto kinanyonya upepo. Wamaasai wana ujuzi wa kumfunga beberu kipande cha ngozi tumboni ili asipande. Tulipowafunga wa kwetu kijiji kizima kilikuja kuangalia, na watoto waliimba mbele ya mabeberu hayo siku nzima. Lakini vitoto vikazaliwa kwa wakati. Ngozi tunaifungua Agosti na Septemba, mazao yanakuja Januari na Februari, mama anapata majani mabichi na maziwa yanatoka. Na kila baada ya miaka miwili vitongoji vinabadilishana mabeberu, ili baba asije akapanda binti zake.

AFYA NA DAWA

Ndugu Mgeni Rasmi, tunafuata mambo ya kilimo hai, na hapa kuna watu wanatuelewa vibaya. Wanadhani kufuga kwa njia ya asili ni kumwacha mnyama ajitibu. Hapana. Mnyama anayeteseka anatibiwa. Kukaa unamtazama hakuitwi asili, ni uzembe.

Kwanza ni chanjo. Sotoka ya mbuzi na kondoo ilithibitishwa nchini mwetu mwaka 2008. Bwana Mifugo ametueleza kwamba mwaka 2015, uleule tulioanza sisi, mashirika ya dunia ya FAO na OIE yalizindua mpango wa kuutokomeza ugonjwa huo ifikapo mwaka 2030. Basi sisi ni wana rika moja na mpango huo, na hatutaki uje ukwame kijijini kwetu. Homa ya mapafu nayo tunachanja kila mwaka. Gharama inatoka mfuko wa jamii, hatumngojei mtu asiye na fedha, maana mbuzi mmoja asiyechanjwa ni hatari kwa wote.

Pili ni minyoo. Zamani tulikuwa tunawanywesha dawa wote kwa mpigo, wagonjwa na wazima, kila tunapopata fedha. Kumbe kwa kufanya hivyo minyoo inazoea dawa, na siku ya shida dawa haifanyi kazi. Sasa tunafunua kope la chini la jicho. Likiwa jekundu, mbuzi ana damu, tunamwacha. Likiwa jeupe kama karatasi, minyoo inamnyonya, huyo ndiye anayenyweshwa. Kazi hii wanaiweza hata watoto wa shule, na wanaipenda.

Aliyepewa dawa hachinjwi wala hakamuliwi mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa zipite, na sisi tunazihesabu mara mbili. Jina lake linaandikwa kwenye daftari kwa kalamu nyekundu.

Mwarobaini je? Tumeujaribu. Maji ya majani yake tumeyapaka kwenye ngozi kwa ajili ya viroboto na wadudu, na wengine wameona nafuu. Lakini kwa mbuzi aliyekwisha kuishiwa damu kwa minyoo haukutusaidia. Mti mzuri, ila hayo arobaini haujayamaliza.

Samadi hatuitupi tena nyuma ya nyumba. Inakwenda kwenye mtama na uwele, na shamba linarudisha mabua zizini. Hatununui mbolea ya dukani, wala hatupulizi sumu mahali ambapo mbuzi atakuja kula.

Nchi za Afrika Mashariki zilipitisha viwango vya pamoja vya mazao ya kilimo hai mwaka 2007, na ipo alama inayoitwa Kilimohai. Tunasema wazi kwamba sisi alama hiyo hatuna bado. Ukaguzi wake una taratibu na gharama. Kwa hiyo mwanachama asimdanganye mnunuzi kwamba tunayo. Mwambie, "Njoo uone daftari." Daftari linatosha kwa sasa.

Na maji, jamani. Tulipoanza kufunga vitoto na wagonjwa nyumbani, ndoo za maji ziliongezeka, na ndoo ni juu ya kichwa cha nani? Tulilipeleka kwa akina baba kwa lugha nzuri: mbuzi wana sahihi mbili, basi na maji yawe na sahihi mbili. Leo vijana na akina baba wengi wanabeba madumu kwa baiskeli. Si wote. Wasiobeba wanajijua, na wengine wako hapa wanatucheka.

SIKU SHERIA ILIPOKUWA SHERIA

Mwishoni mwa mwaka 2021 hali ilikuwa mbaya. Kipande cha tatu kilikuwa kimeliwa kikaisha, na kila mtu alikuwa anakitazama cha nne. Siku moja ya Oktoba walinzi wa kilima walikamata mbuzi tisa ndani ya kipande cha nne, kabla ya siku yake. Wakapelekwa ofisi ya kijiji. Walikuwa wa nani? Walikuwa wa nyumba ya mwenyekiti. Nyumba yetu wenyewe.

Mjukuu ndiye aliyewaingiza, lakini mjukuu hachungi kwa mawazo yake. Aliona mbuzi wanalia njaa, na aliona sisi tunanyamaza. Faini ni mbuzi mmoja. Baba wa nyumba alikasirika, akasema mwenyekiti gani analipa faini kwenye kikundi chake mwenyewe? Usiku huo hatukulala. Asubuhi tukamtoa jike mmoja, mwenye mimba, tukampeleka mbele ya watu. Tungempeleka kitoto kilichokonda tungekuwa tumeizika sheria siku ileile.

Mvua zikachelewa zaidi. Kipande cha nne kilifunguliwa Novemba kama ilivyopangwa, na ndicho kilichotuvusha. Hatusemi hatukupata hasara. Mbuzi walikufa, hasa vitoto na wazee. Lakini mwaka ule hakuna mwanachama aliyebaki na fito tupu kama mwenzetu wa mwaka 2017. Na mgao wa fedha ulifanyika tarehe yake.

OMBI LETU

Ndugu Mgeni Rasmi, Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji, sasa tumefika kwenye ombi.

Kilima kile kimesimama kwa maneno ya mdomo tu. Hakuna karatasi. Na siku hizi mji unasogea. Wanakuja watu kutafuta viwanja, wengine wanataka kulima alizeti, wengine wanataka mkaa wa kuuza mjini. Ile miti ya kisiki hai tuliyoifunga vitambaa imekuwa mizuri, na uzuri wake umeanza kuwavuta wenye mashoka. Tumesikia kwamba mwaka huu litaletwa pendekezo la kukigawa kilima vipande vipande.

Wanaolitaka hilo si maadui zetu. Ni wana wetu. Wengine tumewazaa sisi tuliosimama hapa. Kijana ana miaka ishirini na tano, hana shamba, anaona kilima kimekaa anaambiwa ni cha mbuzi wa mama yake. Na sisi tungekuwa yeye tungenuna.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, kilima kipimwe na kiingizwe kwenye mpango wa matumizi bora ya ardhi ya kijiji kama malisho ya pamoja, kwa kufuata Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999. Liletwe kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji, lijadiliwe mchana, watu wanyooshe mikono. Kikundi kitachangia gharama za kupima kutoka kwenye faida yetu ya mwaka huu. Wanachama wamekwisha kupiga kura.

La pili, vijana wapewe nafasi kwenye kilima hicho. Waweke mizinga ya nyuki, maana migunga inatoa maua mazuri. Wachukue kazi ya ulinzi kwa malipo kutoka kwenye faini na michango. Na kikundi kitawafungulia mkopo wa kununua madume Januari, wakayanenepesha na kuyauza Julai. Kilima kikiwalisha na wao, watakilinda kuliko sisi.

Mkutano ukikataa, tutatii, kwani kijiji ni cha wote. Ila tunaomba kisije kikauzwa kimyakimya, tukaamka asubuhi tukakuta matrekta.

Ndugu wageni, kabla ya kukaa tuna zawadi moja ya kutoa. Mwaka huu wameingia wanachama wapya watano, wasichana wadogo. Kikundi kinawakopesha mitamba, kila mmoja mmoja. Atalipa kwa kurudisha mtamba wa kwanza atakayezaliwa, ambaye naye atakwenda kwa mwingine. Mitamba hiyo mitano haikununuliwa mnadani. Imetoka kwenye zizi moja. Tunamwomba yule mama wa baiskeli asimame awakabidhi, kwa sababu zizi hilo ni lake.

Tunawashukuru Bwana Mifugo, Serikali ya Kijiji, akina baba waliovumilia, na ninyi wote mliotuunga mkono kwa hali na mali. Mliotucheka chini ya mbuyu pia tunawashukuru, mlitutia nguvu.

Mungu akibariki kikundi chetu. Mungu ibariki Tanzania.